Poti ya Tano Kwenda Kakuma

Jumanne, 9 Aprili 2013. Lodwar.

Mimi ndiye niliyezima Kakuma.

Sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si Mzee Lokaale, wala Padre katika kitubio. Nakuambia wewe, daftari, kwa sababu huna mdomo. Atakayekusoma siku moja, namwomba naye aufunge wake.

Wote wanaamini mawasiliano ya Kakuma yamekatika kwa kosa la antena. Wanasema Mzee Lokaale aliilegeza alipopanda mnara wiki iliyopita, na kwamba mtu wa miaka hamsini na minane asiye na cheti hafai tena kupanda. Mkataba wake unaisha tarehe thelathini mwezi huu, na Injinia Cheruiyot ameshasema kwenye redio ya vituo kwamba hadhani atampa mwingine. Lakini antena ni nzima. Kosa nililifanya mimi kwa vidole vyangu, kwa dakika sita, na wakati nikilifanya nilikuwa na furaha sana.

Nieleze vizuri. Nilimaliza kidato cha nne Novemba. Matokeo yalipotoka nilikuwa na B, na wakati nasubiri chuo, shirika linalotunza mtambo wa mawasiliano lilinichukua kwa miezi mitatu niwe msaidizi katika chumba cha mitambo. Chumba chenyewe ni kontena lenye kiyoyozi. Ndipo mahali pekee Lodwar ninapojua panapohitaji sweta, na kila mtu ana sababu ya kupita kutusalimia.

Ndani kuna swichi ya ATM. Si ile mashine ya benki, ingawa akina mama wa kanisani wameshaniomba niwaharakishie foleni. Hii ni sanduku la kijivu lenye matundu manane, na kila tundu linaitwa poti. Sauti za simu, barua pepe, picha za eksirei za kliniki, vyote vikifika hapo hukatwakatwa vipande vidogo vya ukubwa mmoja. Kila kipande hupewa namba mbili, ya njia na ya mfereji. Swichi husoma namba hizo, ikajua kipande kitokee poti gani. Poti ya tano inaenda mnarani, na mnara unatazama Kakuma.

Jumanne ile, tarehe mbili, Mzee Lokaale alipanda asubuhi kukaza bolti iliyolegezwa na upepo. Injinia akaondoka na gari kwenda Kakuma. Mimi aliniachia kazi moja. Mchwa walikuwa wamekula daftari la miunganisho, kwa hiyo nisome namba kwenye skrini nizinakili katika daftari jipya.

"Kusoma tu, Akidor," alisema. "Usiguse."

Nikasoma. Miunganisho ya Kakuma ilikuwa mitatu: wa kliniki, wa ofisi, na wa chumba cha simu ambako watu wa kambi ya wakimbizi huzungumza na jamaa zao. Nikaona kila mmoja unaingia na namba moja na kutoka poti ya tano na namba nyingine kabisa. Siku chache kabla, Injinia alikuwa amenifundisha kutengeneza muunganisho kwenye poti ya saba isiyotumika, na siku ile namba za kuingia na za kutoka zilifanana. Zaidi ya hapo, mimi ni wa ukoo wa wafugaji. Kwetu mbuzi huingia bomani na alama ya sikio, na hutoka na alama ile ile. Akitoka na nyingine, kuna mtu ameiba.

Nikadhani nimegundua kosa la zamani ambalo wakubwa hawakuliona. Nikataka Injinia akirudi anisifu. Nikafuta namba zote za kutoka, nikaziweka zifanane na za kuingia, arobaini kwa arobaini. Nikazinakili daftarini kwa kalamu ya bluu, mistari nikaipiga kwa rula. Namba za zamani sikuziandika popote.

Kakuma ikanyamaza. Taa ya poti ya tano ikabaki kijani, kana kwamba swichi haina shida, ndiyo maana hakuna aliyenishuku.

"Namba hazijaguswa mwaka mzima," Injinia alisema redioni kutoka Kakuma. "Kilichoguswa ni antena."

Hata mimi niliamini ni antena! Jana tu ndipo nilipojua. Mzee Lokaale alikuwa anafuta vumbi kwenye swichi, akaipiga kofi la kirafiki.

"Hii mashine ni mwizi," akasema. "Mbuzi anaingia na alama yetu, inamkata sikio upya, anatoka na alama ile Kakuma inajua. Kule kuna mlango inangoja alama yake tu. Ukileta ingine, anafukuzwa porini."

"Ni lazima alama ibadilike?"

"Kila mahali! Cheruiyot alinionyesha mwaka ile waliileta. Nikamwambia, Injinia, kwetu mtu akifanya hii anapigwa." Akacheka hadi akashika mlango.

Mimi nikafungua lile daftari jipya: za kuingia na za kutoka, zote zilifanana.


Jumatano, 10 Aprili

Namba sahihi ziko Kakuma, ndani ya swichi ya kule. Angenisomea mtu ningemaliza kwa dakika tano. Lakini barabara imekatwa na laga, mto wa mchanga unaojaa mvua ikinyesha, tangu Ijumaa, na Injinia amekwama ng'ambo. Mnara wa simu za mkononi wa Kakuma nao umezimika tangu Jumapili kwa kukosa dizeli, na lori la dizeli liko upande wetu, dereva amelala chini yake. Imebaki redio ya masafa ya mbali, ambayo kila asubuhi saa moja na nusu vituo vyote huitana: Lodwar, Lokori, Kalokol, Nariokotome, Kakuma, na anayemaliza kusema hufunga kwa "ova". Ukisema neno moja, Turkana nzima imesikia.

Mimi hata shuleni nikiulizwa swali nilikuwa najibu kwa kutikisa kichwa.

Leo Mzee alikuwa nje anatia dizeli kwenye jenereta zamu yetu ilipofika. Nikabonyeza kitufe. Maneno hayakuja.

"Kuna mtu anapumua Lodwar," ikasema sauti ya Nyachuol. Huyu ni msichana wa Sudan Kusini anayeshika redio na chumba cha simu Kakuma. Ana umri kama wangu, hatujawahi kuonana. "Ama mbuzi amekalia maiki? Mbuzi wa Lodwar, tupe hali ya hewa, ova."

Lopeyok wa Lokori alicheka akasahau kuachia kitufe, tukamsikia wote mpaka mwisho.


Alhamisi, 11 Aprili

Nina mpango. Mzee akienda kula mchana, nabahatisha. Naweka namba, naita Kakuma kwa kompyuta, nasubiri. Kakuma ikijibu, mstari utatokea kwenye skrini.

Leo mfereji 32 (swichi haikubali wa chini yake) hadi 51. Kimya.


Ijumaa, 12 Aprili

52 hadi 71. Kimya. Mvua tangu alfajiri. Mama anasema hajaona mikoma ya kando ya mto ikiwa ya kijani hivi tangu nizaliwe.

Mzee alirudi mapema akanikuta nimeinama kwenye kibodi na sijala. Amekwenda kumwambia Mama kwamba mtoto wake ana bidii kuliko watu wa Nairobi.


Jumamosi, 13 Aprili

Injinia aliagiza antena ikaguliwe tena. Mzee alishapanda tarehe tatu na tarehe tano. Leo ilikuwa mara ya tatu tangu Kakuma inyamaze.

Nilisimama chini nikishika kamba ya vifaa. Mvua ilikuwa imekatika lakini vyuma vilikuwa vimelowa, na upepo ulitoka upande wa ziwa. Alipofika juu alikuwa mdogo kama kunguru. Nikamwona anaigeuza antena kidogo, anasubiri, anairudisha. Kila akisubiri alikuwa ananiita.

"Akidor! Imekuja?"

Naingia ndani, naangalia skrini ambayo najua haitakuwa na kitu, natoka.

"Bado, Mzee!"

"Sasa?"

"Bado!"

Hivyo kwa saa nzima. Nadhani nilisema "bado" mara thelathini. Mara ya mwisho nilifungua mdomo niseme, "Shuka, si antena, ni mimi." Nikasema, "Bado."

Aliposhuka kiganja chake kilikuwa kimechanika. Nilimwosha kwa maji ya chupa. Yeye kwa kawaida huongea bila kituo, atakuambia habari za ngamia aliyekufa kabla hujazaliwa. Leo alikaa juu ya kreti akiutazama mkono.

"Labda ni kweli," akasema. "Labda hii mikono imezeeka, na mimi ndiye sijui."

Mtu akipoteza kazi anaweza kutafuta nyingine. Lakini mimi namfanya aache kuamini mikono yake mwenyewe.

Mchana sikubahatisha namba yoyote.


Jumapili, 14 Aprili

Kanisani. Mama aliwaeleza akina mama watatu kuhusu bidii yangu. Nilienda kusimama nje, nikasema ni joto.


Jumatatu, 15 Aprili

Redioni leo Injinia alizungumza mwenyewe. Alisema amepata kijana wa kupanda minara kutoka Kitale, ana cheti, atafika barabara ikifunguka.

"Lokaale, tarehe thelathini utamkabidhi mkanda wa kupandia na helmeti. Umetutumikia vizuri, lakini kazi ya juu haitaki kubahatisha. Umenipata? Ova."

Vituo vyote vilikuwa vinasikiliza.

"Nimekupata, Injinia," Mzee akasema. "Ova."

Kisha akauchukua ule mkanda ukutani, akakaa nao nje, akaanza kuupaka mafuta kwenye vifungo, taratibu, kama mtu anayemwandaa binti yake kuolewa.


Jumanne, 16 Aprili

72 hadi 91. Kimya.

Nimepiga hesabu. Nimekuwa nikibadilisha namba za mfereji tu, lakini za njia nazo huenda ni kumi na sita. Mifereji elfu moja kwa kila njia, ishirini kwa siku. Nitamaliza baada ya siku mia nane, na huo ni muunganisho mmoja tu kati ya mitatu. Nitakuwa na umri wa miaka ishirini na Mzee atakuwa amefukuzwa zamani.

Nimecheka peke yangu ndani ya kontena. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikala, kwa sababu njaa haijali.


Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Nimeandika maneno kwenye karatasi. Mistari mitano. Nimeyasoma mbele ya mbuzi wa jirani. Hakuonyesha hisia yoyote.


Alhamisi, 18 Aprili

Nitajaribu kuandika yote kabla sijalala.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nimekusudia kumwambia Mzee kwanza, ana kwa ana, kama inavyotakiwa. Alikuja na mtungi wa dizeli begani, akanisalimia "Ejok, mtoto," na nilipomtazama usoni maneno yote yakaniruka. Macho ya mtu mwema ni magumu kuliko ya mkali. Nikasema tu "Ejok," nikajichukia.

Saa moja na nusu redio ikaanza. Lokori, yupo. Kalokol, yupo, mashua zimetoka. Nariokotome, Sista yupo na anatusalimia. Mzee akanyoosha mkono achukue maiki.

"Mzee," nikasema. "Naomba leo nishike mimi."

Akanitazama kama niliyeomba nishike chui. Akanipa.

Nikaifungua karatasi. Maiki haina macho, nilijiambia. Nikabonyeza.

"Kakuma, hapa Lodwar. Jina langu ni Keziah Akidor. Tarehe mbili mwezi huu nilibadilisha namba za kutoka za miunganisho yote mitatu kwenye poti ya tano. Sikutumwa na mtu. Antena ni nzima na Mzee Lokaale hana kosa lolote. Naomba mnisomee namba zenu, ova."

Nikaachia kitufe. Redio ikavuma tu. Nilihesabu mpaka kumi na moja.

"Malesh, Mbuzi," Nyachuol akasema taratibu, na hiyo kwao ni pole. "Kumbe unaongea. Subiri kidogo, Injinia ameangusha kikombe, ova."

Kisha ikaja sauti ya Injinia, na haikuwa na pole.

"Akidor, rudia. Ulibadilisha nini?"

Nikarudia, bila karatasi.

"Nilikuambia nini kuhusu kugusa?"

"Ulisema kusoma tu."

"Kwa nini ulibadilisha?"

"Nilidhani alama ikiingia lazima itoke hivyo hivyo. Kama siku ile ya poti ya saba."

Nadhani hapo alikumbuka ni nani aliyenifundisha kwa namba zinazofanana.

"Injinia," akaingia Lopeyok wa Lokori, ambaye hakuulizwa, "utamgombeza baadaye. Msomee mtoto namba. Ova."

"Lokori, toka hewani!"

"Nimetoka. Lakini nasikiliza."

Nikasikia kiti kikivutwa Kakuma, na kibodi. "Haya," Injinia akasema. "Andika. Kabla ya kuweka mpya, futa ile mbovu, la sivyo itakataa. Muunganisho wa kliniki. Poti ya kwanza, njia sifuri, mfereji arobaini, unaingia. Unatoka poti ya tano, njia tatu, mfereji sabini na mbili. Rudia."

Nikarudia. Njia tatu! Juzi tu nilikuwa nimejaribu sabini na mbili, lakini kwenye njia sifuri. Nilipita mlangoni nikabisha nyumba ya jirani.

Nikafuta. Nikaweka. Nikasubiri. Mstari mmoja ukatokea kwenye skrini, halafu wa pili, halafu ikawa inashuka kama mvua.

"Imejibu," nikasema, nikasahau ova.

Wa ofisi ukajibu mara moja. Wa tatu, wa chumba cha simu, ukakataa. Nikaweka tena, ukakataa. Jasho lilinitoka ndani ya kile kibaridi. Sista wa Nariokotome alisema anatuombea, ova. Nikatazama vizuri nikaona kwa haraka yangu nilikuwa sijafuta ile mbovu. Nikafuta. Nikaweka.

Simu ya mezani, ambayo ilikuwa imelala kimya siku kumi na sita, ikalia pale pale kando ya mkono wangu. Niliruka.

"Mbuzi?" Ilikuwa sauti ya Nyachuol, safi, bila mvumo wa redio, karibu kabisa na sikio. "Ni mimi. Unanisikia? Mlangoni hapa kuna watu arobaini tangu saa kumi na mbili, kuna mama hajaongea na mwanawe aliye Juba wiki mbili. Nawafungulia. Lakini nimetaka kuanza mimi." Akavuta pumzi. "Mimi pia niliwahi kuvunja kitu hapa. Siku moja nitakuambia. Kweis, vizuri, niwaachie watu laini."

Nilipogeuka, Mzee Lokaale alikuwa amesimama mlangoni, mtungi wa dizeli ameubeba tena begani aupeleke kwenye jenereta. Alikuwa amesimama hivyo muda wote. Akautua chini polepole.

"Nilipanda mara tatu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Ile ya tatu nilijua."

Akatoka. Sikumwona tena mpaka jioni.


Ijumaa, 19 Aprili

Mzee: "Ejok." Basi. Siku nzima neno hilo moja.

Injinia amenifungia swichi. Neno la siri limebadilishwa kutoka Kakuma, sasa ninaruhusiwa kufagia tu. Nimefagia vizuri.

Daftari, hutakiwi kunifichia tena lile la ukurasa wa kwanza. Lilishafika sokoni kabla sijafika nyumbani. Muuza samaki aliniita "Poti ya Tano".


Jumamosi, 20 Aprili

Mama hakunipiga wala hakunifokea. Alisema, "Mtoto amenyamaza miaka kumi na minane, siku anafungua mdomo anafungulia kaunti nzima." Halafu akafunga tumbaku na sukari kwenye leso, akaniambia nivae viatu.

Tulimkuta Mzee Lokaale kwake ng'ambo ya mto Kawalase, anatengeneza kiti cha mbao. Mama aliweka tumbaku mbele yake, akarudi nyuma, akaniacha. Mama yangu ni mpishi wa shule, hana muda wa kusema kwa niaba ya watu.

"Nisamehe, Mzee," nikasema.

Alikata tumbaku, akaitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu.

"Namba si kitu," akasema. "Namba hata Cheruiyot anakosea. Ile inaniuma ni wewe ulisimama chini unasema bado, bado. Mimi kule juu nauliza mikono yangu imefanya nini."

Nikakitazama kiganja chake kilichochanika.

"Nilipanda mara tatu bure," akaendelea. "Sasa wewe utapanda mara tatu. Na mkanda, na helmeti, na mimi nitakaa chini nashika kamba. Na mimi nitakuwa naita: umefika?"

Mama akakohoa nyuma yangu. Nilijua ni kicheko.

"Nitapanda."

"Na huyu Cheruiyot," Mzee akasema, akitema pembeni, "alinifukuza redioni. Watu wa Kalokol walisikia, Lokori walisikia. Sitaki barua. Anirudishe redioni."


Jumatatu, 22 Aprili

Injinia alikubali, ila nadhani alitarajia kulimaliza haraka.

Saa moja na nusu, vituo vyote vipo. Hata Kalokol, ambako siku zote huondoka mapema kwenda kupokea samaki, leo walibaki.

"Kwa vituo vyote," Injinia akasema. "Kuhusu hitilafu ya Kakuma. Imebainika kwamba antena haikuwa na kasoro. Ova."

Mzee akachukua maiki. Uso wake ulikuwa mkavu kama jiwe. "Kakuma, sijasikia vizuri. Iko mvua hapa. Rudia, ova."

Nje jua lilikuwa linapasua mawe.

"Nasema antena haikuwa na kasoro, na Lokaale hakukosea. Ova."

"Hata sisi Lokori hatujapata," akasema Lopeyok. "Inakatika katika. Hapo kwa Lokaale, inakatika. Ova."

Tukasikia Nyachuol anacheka nyuma ya Injinia, halafu Injinia mwenyewe akapumua, na nilipomsikia akipumua vile nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: naye anaogopa maiki. Sauti yake kubwa ni njia yake ya kuogopa, kama kimya kilivyo njia yangu.

"Mzee Lokaale," akasema, na sasa alizungumza polepole, kama mtu aliye chumba kimoja naye. "Nilikulaumu mbele ya watu bila kuangalia namba. Kuangalia namba ilikuwa kazi yangu. Nilimfundisha mtoto nusu, nikamwachia mashine nzima. Mikono yako haina kosa. Nakuomba ubaki. Mkataba mpya nautuma na gari la kwanza litakalovuka. Ova."

Hakuna aliyesema haijasikika.

Mzee aliifuta ile maiki kwa shati lake. Nikadhani atakataa.

"Nimekupata vizuri, Injinia," akasema hatimaye. "Yule kijana wa Kitale, usimwambie abaki nyumbani. Aje nimfundishe. Ova na mwisho."

Akaitundika maiki. Akanigeukia.

"Wewe. Unaogopa urefu?"

"Sana, Mzee."

"Vizuri."


Jumatano, 24 Aprili

Mara ya kwanza. Nilifika jukwaa la kwanza, mita kumi. Nilikumbatia chuma kama mama yangu mzazi.

"Umefika?" akaita.

"Bado!"

"Sasa?"

"Bado!"

Watu walikusanyika. Muuza samaki alileta kiti.


Jumamosi, 27 Aprili

Laga imeshuka. Injinia amerudi, matope mpaka magotini. Alinisalimia kwa mkono. Akasema nikifagia mwezi mmoja bila kugusa kitu, atanifundisha tena kuunganisha poti kuanzia mwanzo, na safari hii namba zitatofautiana.

Alileta mfuko mdogo kutoka kwa Nyachuol: shanga, na karatasi iliyoandikwa kile alichowahi kuvunja. Sitakiandika hapa. Ni kikubwa kuliko changu.


Jumanne, 30 Aprili

Mzee amesaini. Aliomba kalamu yangu ya bluu.

Mchana, mara ya pili. Nilifika juu ya jukwaa la pili, macho nimefumba.


Jumamosi, 4 Mei

Leo nilipanda mpaka kwenye antena.

Mzee alikagua kila kifungo cha mkanda mara mbili, akavuta kamba, akanigonga helmeti kwa kiganja chenye kovu jipya. "Miguu ndiyo inapanda," akasema. "Mikono inashika tu."

Nikapanda. Jukwaa la kwanza, la pili. Upepo ukanijia upande wa kushoto, nikasimama ukapita. Halafu mkono wangu ukagusa kitu baridi cha mviringo, na ilikuwa antena yenyewe, sahani iliyokuwa ikilaumiwa wakati wote ule. Ilikuwa imefungwa barabara. Nilijaribu kila bolti. Hakuna hata moja iliyotikisika. Alikuwa ameikaza vizuri tangu tarehe mbili.

Nikafumbua macho vizuri. Mto Turkwel ulikuwa umejaa, umepinda ndani ya kijani nisichojua kama ni chetu. Kwenye barabara ya Kakuma malori yalikuwa yanatembea kwa mstari, moja, mbili, saba. Mahali fulani huko mbele, katika mstari ulionyooka kutoka kwenye sahani hii, Nyachuol alikuwa anamwita mtu wa kwanza kwenye foleni.

"Umefika?" Mzee akaita kutoka chini, mdogo kabisa.

Nilikuwa nimefika kitambo.

"Bado!" nikajibu.

"Sasa?"

"Bado, Mzee!"

Nilikaa huko robo saa nzima, sina hamu ya kushuka. Nilipogusa ardhi nilikunja uso kama aliyeteseka, Mzee akanipa chai yenye maziwa akisema sasa tumelipana. Anaamini ilikuwa adhabu. Wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba, usimwambie.